Mrejesho: kitambi na ugali wa saa nne usiku

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa pili niliwauliza nifanyeje kupunguza kitambi: kilo 96, kazi ya kukaa kaunta kutwa nzima, na ugali wa saa nne usiku siuachi. Leo mizani inasoma 87.

Ugali sijauacha. Aliyenisaidia ni yule aliyesema nigeuze sahani: nusu mboga, robo ugali, robo samaki au maharage. Siku ya kwanza mama watoto aliniwekea kipande cha ugali kama ngumi, nikadhani ananitania. Matembele na mchicha tunakula sana, ila mafuta sasa yanapimwa kwa kijiko cha chakula. Kimoja tu kina kalori kama 120, na sisi tulikuwa tunamimina kutoka kwenye dumu! Chakula chenyewe sasa ni saa moja jioni, si saa nne tena.

Soda ndiyo ilinitoa jasho. Nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, na chupa ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 40, yaani vijiko vya chai tisa hivi. Nilishuka hadi moja, kisha ya Jumapili tu.

Jioni nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. Asubuhi siwezi, nitafika kazini nimelowa.

Ile chai ya kukata tumbo niliyouziwa mtaani msiguse. Nilishinda chooni, kilo zikashuka, nilipokunywa maji zikarudi.

Suruali ya harusi bado haifungi kifungo cha juu.