Mrejesho: kuli aliyeumia kiuno, Tanga

Wakuu, asanteni. Niliuliza tumpimeje kuli wa bandarini aliyeumia kiuno kabla hajarudi kwenye mifuko ya saruji ya kilo 50. Tumempima kwa kazi yenyewe: kreti kutoka sakafuni hadi kiunoni, kuanzia kilo 10, tukiongeza tano tano, mapigo ya moyo kwa dakika yasivuke asilimia 85 ya kiwango chake cha juu (yaani 220 ukitoa umri). Kilo 25 kanyanyua safi. Kwenye 30 akaanza kujipinda kushoto na kubana pumzi. Tukasimamisha, ingawa mwenyewe aling'ang'ania (njaa hiyo, si kiuno). Kwa sasa atahesabu shehena na kubeba kilo 15 mwisho, maana kunyanyua mara moja si kunyanyua kutwa. Uzito hauongezwi mpaka tusikie kiuno kimeamkaje kesho yake.