Mabua ya mtama na urea: vipimo vikoje?

Mfugaji_Chamwino: Wakuu, nina ng'ombe sita na mabua makavu kilo 800 hivi. Nataka kuyatia mbolea ya urea yanivushe mpaka mvua za Desemba. Vipimo? Na ndama wa miezi minne apewe?

BwanaMifugo_Kongwa: Kila kilo 100 za mabua, urea kilo 4, maji lita 60. Katakata vipande vifupi. Koroga urea mpaka chenga ziishe kabisa. Ng'ombe akila chenga anatetemeka, tumbo linavimba, na kwa saa chache umempoteza. Chimba shimo, tandika turubai, panga tabaka nyembamba, nyunyizia kwa keni, kanyaga kwelikweli, funika, rundika udongo juu. Siku 21. Usichungulie! Ile harufu inayochoma pua ni amonia, ndiyo inayolainisha mabua. Ikivuja, umebaki na mabua yaleyale, tena yenye ukungu.

Ndama hapana. Chini ya miezi sita tumbo halijakomaa. Punda naye mtenge.

MamaMbuzi: Ukitoa, tandaza kivulini usiku kucha harufu ipungue. Changanya na mabua ya kawaida wiki ya kwanza, uongeze taratibu. Maji na jiwe la chumvi visikosekane.

Mfugaji_Chamwino: Na machipukizi yanayoota baada ya kuvuna?

BwanaMifugo_Kongwa: Weee! Hayo machanga yana sumu ya sianidi, hasa yakiwa yamenyauka kwa jua. Zuia mifugo isiingie shambani humo.