Roboti ya cheni inazima kila ikikata kona, naombeni msaada

BabaWawili
Wakuu habari za jioni. Niko Morogoro. Mimi na binti yangu wa kidato cha pili tumeunda roboti ya cheni, mfano wa katapila dogo, kutoka kwenye seti ya vipande niliyoagiza Kariakoo. Ina bamba mbili za alumini, mota mbili za njano zenye gia (zile za volti 3 hadi 6), Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu), draiva ya L298N inayopeleka umeme kwenye mota, na HC-05 ya bluetooth ili tuiendeshe kwa simu. Imetuchukua Jumamosi tatu, maana cheni yenyewe ni vipande vya plastiki vinavyoungwa kimoja kimoja kwa vipini vyembamba vya chuma.

Mbele inakwenda, nyuma inakwenda. Tukibonyeza kushoto au kulia inajikaza, inatetemeka, halafu kimya. Simu inapoteza muunganisho, tunaanza upya. Nikiiweka juu ya kopo, cheni zikazunguka hewani, kila kitu sawa, hata kona. Betri ni ile ya mraba ya volti 9, mpya kabisa. Programu tumebadilisha mara nne. Binti ameanza kuamini kosa ni lake kwa sababu ndiye aliyeiandika, na maonyesho ya sayansi shuleni kwao ni wiki tatu zijazo. Tunakosea wapi?

KodiTu
HC-05 umeiweka pini 0 na 1? Hizo ndizo zinazotumika pia na waya wa USB, zitawasumbua kila mkipakia programu. Ihamishie 10 na 11 kwa SoftwareSerial (maktaba ya Arduino inayofanya pini nyingine ziwe za mawasiliano), kasi 9600. Kisha weka programu yenu hapa tuione.

FundiRedio
Mkuu, kabla ya yote mwambie binti atulie. Programu yenye kosa isingekata kona hata juu ya kopo. Hewani inakata, sakafuni haikati: kilichoongezeka ni mzigo tu.

Gari hugeuza matairi ya mbele. Katapila halina matairi ya kugeuza. Cheni moja inakwenda mbele, nyingine nyuma, na sehemu yote inayogusa chini inaburuzwa kiubavu. Hapo ndipo mota inapofanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Hizo za njano zikizunguka bila mzigo zinakula kama ampea 0.15. Zikikwama kwenye volti 6 zinaweza kufika ampea 1.5 kila moja. Betri ya mraba ni ya redio ndogo na vitu vinavyonyonya umeme kidogo kidogo. Ukiidai ampea mbili kwa mpigo, volti zake zinaporomoka. L298N nayo inakula karibu volti 2 njiani, ndiyo maana inapata joto. Arduino ikipungukiwa inazima na kuwaka upya, na HC-05 inayopata umeme kwenye bodi hiyohiyo inaanguka nayo.

Usinunue kitu kwanza. Shika mita kwenye ncha za betri, binti abonyeze kushoto, wewe soma. Tazameni pia taa ndogo yenye herufi L kwenye Arduino. Ikimetameta haraka pale roboti inapokwama, bodi imewaka upya.

Mkithibitisha, chukua betri mbili za 18650 (zile za lithiamu za mviringo, za kuchaji) mziunge mfululizo. Ni volti 7.4, zikijaa 8.4. Ukitoa zile 2 za L298N, mota zinabaki na 5 hadi 6, kipimo chake hasa. Epuka zilizoandikwa uwezo wa 9900 mAh. Nyingi za kweli ziko kati ya 2000 na 3500 mAh, na anayeandika 9900 anakuuzia karatasi. Tafuta zenye saketi ya ulinzi na chaja yake maalumu, na usiache betri yoyote ishuke chini ya volti 3. Weka swichi na fyuzi, kwa sababu chanya na hasi zikigusana betri hizi zinaweza kuwaka moto. Kuchaji ni kazi yako wewe mzazi, mchana, ukiwa macho.

Mzalendo_77
Mbona rahisi, weka volti 12 nguvu iongezeke.

FundiRedio
Hapana ndugu yangu, mota ni za 6. Kinachopungua hapa ni ampea, na volti 12 zitaziunguza hizo mota siku ya kwanza.

MamaSaketi
Baba Wawili, pole. Niko Nairobi, nafundisha watoto roboti siku za wikendi, na hili la betri ya mraba naliona karibu kila kundi jipya. Fundi amesema kweli. Naongeza machache ya cheni.

Bonyeza cheni kwa kidole upande wa juu, katikati. Isipobonyea hata kidogo imekaza mno, na mota inatumia nguvu kuivuta badala ya kusogeza roboti. Kingine, urefu wa cheni ukizidi sana upana kati ya cheni mbili, kona inakuwa ngumu zaidi. Kama bamba zina matundu ya ziada, panua. Na mfundishe kukata kona pana: cheni moja kasi yote, nyingine nusu. Kuzunguka palepale aweke akiba.

Ungeni kapasita ya 104 (mikrofaradi 0.1) kwenye ncha za kila mota kupunguza kelele za umeme. Pini ya RX ya HC-05 (ile ya kupokea data) inataka volti 3.3, kwa hiyo punguzeni volti za Arduino kwa rezista za 1k na 2k. Na programu isimamishe mota ikikaa nusu sekunde bila amri. Mwanafunzi wangu mmoja simu ilikata, roboti ikaenda moja kwa moja hadi ikaanguka mezani, akalia. Siku ya maonyesho msitegemee iPhone, HC-05 haiongei nayo.

BabaWawili
Wakuu, nimerudi. Betri ikiwa imetulia mita ilisoma 9.2. Binti alipobonyeza kushoto ikashuka hadi 4.9 na taa ya L ikametameta. Alirukaruka jikoni kwa furaha kwamba programu yake ilikuwa sawa.

Nimefunga 18650 mbili, tumetoa kipande kimoja cha cheni kila upande kisha tukasogeza gurudumu la nyuma kuja mbele hadi cheni ikabonyea kidogo. Kwenye saruji inakata kona zote. Kwenye zulia inakata ile pana tu. Kusimama simu ikikata ameandika mwenyewe. Limebaki moja: ukiipeleka mbele inavuta kushoto.

FundiRedio
Mota mbili hazilingani hata zikitoka kwenye mfuko mmoja. Ya kulia ina kasi zaidi. Kwenye programu, kushoto acheni 255 (kasi yote), kulia mshushe kidogo kidogo hadi inyooke.

BabaWawili
Kulia tumesimama kwenye 238. Imenyooka koridoni kutoka mlangoni hadi jikoni, binti ameiwekea na kikombe cha maji juu.