Mrejesho: Vigae vya mshazari kwenye sakafu ya jikoni

Niliuliza nianzie wapi kupanga vigae vyenye nakshi kwa mshazari, nanyi mkanishauri nianzie katikati ya chumba, si ukutani. Nawashukuru kwa dhati, kwani kuta zangu hazikuwa zimenyooka. Nilichora mistari miwili ya chaki inayokatana, nikahakiki kuwa pembe yake ni nyuzi 90 kwa kupima sentimita 90 upande mmoja, 120 upande wa pili na 150 kati ya ncha hizo, ndipo nikachora mistari ya nyuzi 45.

Kigae cha sentimita 30 kikilazwa hivyo huwa na takriban sentimita 42.4 kutoka ncha hadi ncha, na nilipovipanga kwanza bila gundi niliona kwamba mlangoni pangebaki pembetatu ndogo mno zisizopendeza. Kusogeza mpangilio kwa nusu ya kipimo hicho kusingesaidia, kwa kuwa pembetatu zilezile zingejirudia. Kilichofaa ni robo yake, takriban sentimita 10.6. Kila nakshi hukamilika kwa vigae vinne, hivyo niliweka alama nyuma ya kila kimoja kabla ya kuviondoa. Akiba ya asilimia 15 ilitosha, na vimebaki vigae vitatu vizima.