Naomba ushauri: Tippmann 98 Custom, nianze kubadilisha nini?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kisauni, nimechoka na bunduki za kukodi za peintiboli (mchezo wa kufyatuliana tembe za rangi), nataka yangu. Jicho liko kwa Tippmann 98 Custom kwa sababu haihitaji betri na inasifiwa kwa ugumu.

Kinachonisumbua hasa ni gesi ya kusukuma tembe. CO2 inategemea joto: ukifyatua mfululizo mtungi unapoa, presha inashuka na tembe hazifiki mbali. Hewa iliyoshindiliwa ni tulivu zaidi. Nimewafikiria wapiga mbizi wa Nyali wanijazie hewa hiyo, maana mitungi yao hujazwa kama psi 3000 (psi ni kipimo cha presha). Sasa nikinunua mtungi wa psi 4500 si utajaa theluthi mbili tu? Kuna aliyewahi kujaziwa na wapiga mbizi?

Kwa nyongeza, rafiki yangu anashikilia Response Trigger (kifaa kinachotumia gesi kurudisha kifyatulio ili ufyatue haraka). Mimi naona hiyo ni ya kumaliza tembe (na pesa) tu. Afadhali mtutu unaolingana na kipenyo cha tembe. Au nakosea?

Halafu unyevu wetu huu. Tembe ni za jelatini, zinavimba na kupasukia ndani ya mtutu. Nyie mnazihifadhi vipi? Na aliyeagiza kutoka nje, kibali alikipataje kabla mzigo haujafika Kilindini?