Mtwara – Kigoma kwa ndege ni masaa mangapi hasa?

Msangamkuu_boy:
Wakuu habari za humu. Bi mkubwa wangu anataka kwenda Kigoma kumwona mjukuu, dada kajifungua kule, sasa kwa umri wake basi mpaka Dar halafu treni hawezi tena, tumechangishana apande ndege. Nimegugo umbali ikaniletea kilomita kama 1,300 na muda wa kuruka saa moja na dakika arobaini, nikamwambia mama chai unakunywa hapa mchana unakula samaki mgebuka kule, kafurahi huyo! Ila tiketi zote naona zinaanza asubuhi zinafika jioni. Wanazunguka wapi hawa?

Kikwetu_LDI:
Hahaa mkuu hiyo 1,300 ni rula kwenye ramani, inapita juu ya pori la Selous inakwenda kupita jirani na Iringa, na ndege ya abiria ya kupita huko moja kwa moja hamna. Na huo muda wamegawanya tu kwa mwendo wa jeti ikiwa imeshatulia juu, karibu 780 kwa saa, kupaa na kushuka hawajahesabu. Lazima Dar. Mtwara Dar angani ni kama 400, lisaa limoja. Dar Kigoma 1,080 hivi, masaa mawili, ikiwa ndege ya pangaboi au inatua kwanza njiani ongeza. Ukijumlisha umezidisha kilomita 180 tu, sio mbaya kihivyo, siku inaliwa na kukaa Dar kusubiri.

Mama_Nachingwea:
Mdogo wangu tiketi iwe MOJA, Mtwara hadi Kigoma. Sisi tulikata mbili kampuni tofauti kisa bei, ya huku ikachelewa ya pili ikaondoka, tukaambiwa haiwahusu tununue nyingine. Pale kaunta Mtwara angalieni kile kikaratasi wanachofunga kwenye mkono wa begi, kiandikwe TKQ ndio Kigoma, kikiishia DAR ajue analichukua mwenyewe Dar. Na mwombeeni kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi.

Mwanga_KG:
Karibu sana bi mkubwa. Akija Ramadhani mwambieni saa ni ile ile ila jua la huku linachelewa kuzama, tuko magharibi yenu nyuzi kumi na nusu za longitudo na kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo adhana ya magharibi ya kufuturu inakuja kama dakika arobaini baada ya Mtwara. Mama mkwe wangu wa Lindi alishanyanyua tende kwa saa ya kwao, ikabidi tumshike mkono 😂

Msangamkuu_boy:
Asanteni sana, nakata moja basi. Sasa korosho keshajaza ndoo ya lita kumi na anasema haiachii mkononi, ndani inaingia?

Kikwetu_LDI:
Ndoo itaenda chini na begi mkuu, piga selotepu mfuniko wote. Mpe kamfuko kadogo ashike mkononi, atatulia.