Kloridi ya jasho 44: mtoto ana sistiki faibrosisi au hana?

Mzazi wa Kisauni
Asalamu alaykum. Naomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka mitatu. Tangu uchanga anakohoa makohozi mazito, uzito haupandi ingawa anakula vizuri, na choo chake kina mafuta na harufu kali. Nikimbusu pajini pa uso, midomo yangu hubaki na chumvi. Kifua kikuu hakikuonekana. Daktari alishuku sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya kamasi kuwa nzito na jasho kuwa na chumvi nyingi, akapimwa jasho, na kloridi, sehemu ya chumvi, ikawa milimoli 44 kwa lita, jibu ambalo nimeambiwa halithibitishi wala halikanushi. Baba yake anaona tusubiri, lakini mimi sina utulivu. Je, kipimo kirudiwe, au twende moja kwa moja kwenye jeni?

Fundi wa maabara, Tudor
Wa alaykum salaam, mama. Kirudiwe, tena siku nyingine. Chini ya 30, uwezekano wa ugonjwa ni mdogo. 60 na zaidi, kwa mtoto mwenye dalili, huelekeza kwenye ugonjwa. 30 hadi 59 ni eneo la shaka. Uliza pia jasho lilikusanywaje. Pilokapini, dawa ya kutoa jasho, huingizwa kwenye ngozi ya mkono kwa umeme mdogo, kisha jasho hukusanywa kwa muda usiozidi dakika 30: angalau miligramu 75 kwa shashi, au maikrolita 15 kwa mrija mwembamba. Likipungua hapo, namba haistahili kutolewa kabisa, na likivukizwa, kloridi husomeka juu kuliko ilivyo. Utapiamlo nao unaweza kuipandisha, ilhali mwili uliovimba unaweza kuishusha.

Daktari wa watoto, Nyali
Jeni ya CFTR, ambayo hitilafu yake ndiyo huleta ugonjwa huu, ilitambuliwa mwaka 1989, na mabadiliko yake yanayojulikana yamepita 2,000. Vipimo vingi vya kifurushi, yaani vya mabadiliko machache yaliyochaguliwa, hutafuta yaliyo ya kawaida Ulaya, hasa F508del, ilhali kwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini linaloonekana zaidi ni 3120+1G>A. Kwa hiyo ombeni jeni nzima isomwe, kwa kuwa kifurushi kikirudi bila kitu hakijamwondolea mtoto ugonjwa. Kwa choo unachokieleza, mimi ningeanza na elastasi ya choo, inayoonyesha kama kongosho linatoa vimeng'enya vya kutosha, kwani vikipungua hupewa kama dawa na mtoto huanza kunenepa.

Mzazi wa Likoni
Dada yangu, mnapongoja majibu msimwache kwenye joto la kaskazi bila maji ya kutosha. Watoto wenye ugonjwa huu hupoteza chumvi nyingi kwa jasho. Mwanangu alilegea na kutapika, na damu ilipopimwa sodiamu ilikuwa chini. Kiasi cha chumvi cha kumwongezea akipange daktari, usikikisie.

Mzazi wa Kisauni
Ahsanteni sana. Jumatatu tunarudi kliniki, na baba yake amekubali kuja. Nitauliza kwanza jasho lilipatikana kiasi gani. Je, yupo aliyepeleka damu ya jeni akiwa hapa Mombasa, au lazima tusafiri na mtoto hadi Nairobi?